Nani Ataufungua Mchoro? Uhakiki wa Vigezo vya Kuchagua Programu za Kusanifu Saketi za Kielektroniki katika Mfumo Endeshi wa Linux

Ikisiri

Makala hii inahakiki vigezo vinavyotumika kuchagua programu ya kusanifu saketi za kielektroniki kwa ajili ya kompyuta zinazotumia mfumo endeshi wa Linux. Inadai kwamba vigezo vilivyozoeleka, yaani bei, wingi wa nyenzo na umaarufu wa programu viwandani, havitoshi, kwa kuwa havijibu swali la nani ataweza kuufungua na kuurekebisha mchoro baada ya miaka kumi. Hoja hiyo inachunguzwa kwa kulinganisha historia za programu tatu: EAGLE, gEDA na KiCad. Historia ya EAGLE inaonyesha kuwa programu kufanya kazi ndani ya Linux si dhamana ya kudumu. Ya gEDA inaonyesha kuwa leseni huria peke yake si dhamana pia. Na ya KiCad inaonyesha kuwa uhuru wa programu hudumu pale taasisi zinazoihitaji zinapokubali kuitunza. Makala inamalizia kwa mapendekezo kwa vyuo na kwa washauri wa sera wa kanda hii.

1.0 Utangulizi

Uamuzi wa kuchagua programu ya kusanifu saketi kwa kawaida huachiwa mafundi. Mkufunzi huomba programu aliyoizoea alipokuwa mwanafunzi, ofisi ya ununuzi huuliza bei, na kamati huidhinisha. Jambo lenyewe linaonekana dogo likilinganishwa na ujenzi wa karakana au ununuzi wa vifaa vya kupimia. Hata hivyo, matokeo ya uamuzi huo hudumu kuliko vifaa hivyo. Kifaa cha kupimia kikichakaa hununuliwa kingine. Mchoro uliohifadhiwa kwa namna ambayo programu moja tu inaielewa hubaki umefungwa ndani ya programu hiyo, na kila anayetaka kuurekebisha hulazimika kupita mlango uleule.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa kidhibiti cha pampu kinachosanifiwa na idara ya chuo cha ufundi kwa ajili ya mradi wa maji wa wilaya. Pampu inatarajiwa kufanya kazi kwa miaka kumi au zaidi. Ndani ya muda huo baadhi ya vijenzi vya bodi vitakoma kuzalishwa, kwa kuwa watengenezaji wa chipu huondoa sokoni chipu za zamani na kuleta nyingine zenye miguu iliyopangwa vinginevyo. Siku hiyo ikifika, mtu fulani atapaswa kuufungua mchoro, kubadilisha kijenzi, kuchora upya njia chache za shaba na kuagiza bodi nyingine. Huenda mtu huyo asiwe yule aliyeuchora. Huenda pia leseni iliyonunuliwa mwanzoni iwe imekwisha muda wake.

Makala hii inaichukua siku hiyo kuwa kipimo cha uhakiki. Mfumo endeshi unaoshughulikiwa ni Linux, kwa sababu mbili. Kwanza, Linux huiwezesha maabara kuendelea kutumia kompyuta zake bila kulipia leseni ya mfumo endeshi, na hivyo huvutia taasisi zenye bajeti ndogo. Pili, programu nyingi mashuhuri za kusanifu bodi hazikuandikwa kwa ajili yake. Uchache huo unaulazimisha uchaguzi ufanywe kwa kufikiri, badala ya kufanywa kwa mazoea.

2.0 Vigezo Vilivyozoeleka na Upungufu Wake

Programu ya kusanifu saketi hufanya kazi kuu tatu. Humwezesha msanifu kuchora mchoro wa saketi, yaani alama za vijenzi na miunganiko yake. Humwezesha kuvipanga vijenzi hivyo juu ya bodi na kuviunganisha kwa njia za shaba. Na hutoa faili zinazopelekwa kiwandani. Kazi ya nne, ambayo si kila programu inayo, ni uigaji, yaani kukokotoa jinsi saketi itakavyofanya kazi kabla haijatengenezwa.

Ulinganishaji wa kawaida huchukua kazi hizo na kuzipanga katika jedwali: bodi ya safu ngapi, maktaba ya vijenzi vingapi, bei gani. Ulinganishaji wa namna hiyo una manufaa, lakini una kasoro ya msingi. Unaipima programu kama ilivyo siku ya kununuliwa, ilhali taasisi inaishi nayo kwa miaka. Safu za jedwali hazionyeshi kama kampuni itabadilisha masharti ya leseni, wala kama muundo wa faili zake umechapishwa hadharani ili programu nyingine iweze kuzisoma.

Kigezo cha pili kinachosikika mara kwa mara ni kile cha viwanda: wanafunzi wafundishwe programu wanayotumia waajiri. Kwa hoja hii hutajwa Altium Designer, na katika vyuo hutajwa pia Proteus, ambayo inapendwa kwa sababu inaweza kuiga chipu ndogo za kompyuta pamoja na msimbo uliomo ndani yake. Zote mbili zimeandikwa kwa ajili ya Windows. Hoja ya viwanda haipaswi kubezwa, kwani Altium ni programu yenye uwezo mkubwa, na kwa bodi zenye mawimbi ya kasi kubwa au timu kubwa ya wasanifu ina nyenzo ambazo programu huria hazijazifikia. Lakini hoja hiyo hudhania kwamba mhitimu ataingia katika kampuni inayomudu leseni hiyo. Mhitimu anayefungua karakana yake mwenyewe mjini Arusha, Kisumu au Mbarara hukuta kwamba ujuzi aliopewa unamdai malipo kabla haujamlipa. Leseni ya bure ya mwanafunzi humalizika pamoja na uanafunzi wake. Njia inayobaki wazi kwake ni ya nakala zisizo na leseni, ambayo inamzuia kuuza kazi yake kwa serikali au kwa mteja yeyote anayeuliza maswali.

Kuna jambo jingine ambalo hoja ya viwanda hulisahau. Programu za kusanifu chipu, kama zile za Cadence na Synopsys, kwa sehemu kubwa huendeshwa juu ya Linux, na hata programu ya bodi ya Allegro ya Cadence ina toleo la Linux. Kwa hiyo dhana kwamba Linux si mazingira ya wahandisi wa kielektroniki haina msingi wa kiufundi. Pengo lililopo ni la programu za bei ya kati, zile ambazo chuo au karakana ndogo ingezinunua.

3.0 EAGLE: Programu Iliyokuwepo Kisha Ikaondolewa

Kwa miaka mingi pengo hilo lilizibwa na EAGLE. Programu hiyo ilitolewa mwaka 1988 na kampuni ya CadSoft ya Ujerumani, na baadaye ikawa na matoleo ya Windows, Mac na Linux. Ilikuwa na toleo la bure lililoruhusu bodi ndogo ya safu mbili, na ambaye bodi ndogo haikumtosha alinunua leseni mara moja akaimiliki. Kwa sababu hiyo ilienea sana miongoni mwa wanafunzi na wabunifu wadogo. Michoro ya bodi za Arduino, mradi ulioanzia Ivrea nchini Italia mwaka 2005, ilichapishwa kwa faili za EAGLE, na wanafunzi wengi walijifunza kusoma bodi kwa kuzifungua faili hizo.

Kwa vigezo vya jedwali, mtumiaji wa Linux wa wakati huo hakuwa na sababu ya kusita. Programu ilifanya kazi kwenye mashine yake, bei ilikuwa ya wastani, na vitabu vya mafunzo vilikuwepo. Lakini umiliki ulibadilika. Mwaka 2009 CadSoft ilinunuliwa na Premier Farnell, na mwaka 2016 EAGLE ikauzwa kwa Autodesk. Mwanzoni mwa mwaka 2017 leseni ya kudumu iliondolewa na mahali pake pakawekwa malipo ya kila mwezi au kila mwaka. Baadaye EAGLE iliunganishwa na Fusion 360, na mwezi Juni 2023 Autodesk ilitangaza kwamba tarehe 7 Juni 2026 ingekuwa ukomo wa EAGLE kama programu inayojitegemea. Watumiaji walielekezwa kwenye Fusion, programu ambayo haina toleo la Linux.

Ni muhimu kueleza kisa hiki kwa haki. Kampuni ina haki ya kupanga biashara yake, na ilitoa taarifa miaka mitatu kabla. Hakuna ahadi iliyovunjwa, kwa sababu hakuna ahadi iliyotolewa. Upungufu upo upande wa mnunuzi aliyedhani kwamba kuwepo kwa toleo la Linux ni sifa ya programu, kumbe ni uamuzi wa mwenye programu, unaoweza kutenguliwa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na leseni ya kukodi ni nguo ya namna hiyo.

Kisa hiki kina sehemu ya pili ambayo haizungumzwi vya kutosha. Mwaka 2012, katika toleo la 6, CadSoft iliachana na muundo wake wa siri wa faili na kutumia XML, maandishi ya kawaida yanayoweza kusomwa na programu yoyote inayoujua mpangilio wake. Uamuzi huo wa kiufundi, uliofanywa na wamiliki wa awali, ndio unaoziokoa kazi za watumiaji. KiCad, kuanzia toleo la 5 la mwaka 2018, inaweza kuuingiza mradi mzima wa EAGLE, mchoro pamoja na bodi, iwapo ulihifadhiwa kwa muundo huo mpya. Kidhibiti cha pampu kilichosanifiwa kwa EAGLE toleo la 7 kinaweza kuokolewa leo bila idhini ya mtu. Uwazi wa muundo wa faili umefanya kazi ambayo uzuri wa programu haukuweza kuifanya.

4.0 gEDA: Uhuru Usiokuwa na Watunzaji wa Kutosha

Baada ya kisa kama hicho, mhakiki anaweza kuharakisha kusema kwamba basi dawa ni programu huria. Historia ya gEDA inatahadharisha dhidi ya haraka hiyo. Mradi huo ulianzishwa na Ales Hvezda mwaka 1998 kwa lengo la kuwapatia watumiaji wa Linux nyenzo kamili za usanifu chini ya leseni huria. Ulifuata desturi ya Unix: programu ndogo ndogo, kila moja na kazi yake, zikibadilishana faili za maandishi. Moja ilichora mchoro, nyingine ilitoa orodha ya miunganiko, na bodi ilisanifiwa kwa programu tofauti iitwayo PCB, iliyokuwa na asili na watunzaji wake yenyewe.

Mpangilio huo ulikuwa na fadhila zake. Mtumiaji stadi aliweza kuandika msimbo mfupi wa kuzalisha orodha ya vijenzi au kukagua mchoro, jambo lililokuwa gumu katika programu za kibiashara za wakati huo. Lakini mwanafunzi aliyeanza alikutana na programu kadhaa zenye desturi tofauti, na kila badiliko la mchoro lilidai mlolongo wa hatua ili lifike kwenye bodi. Kadiri miaka ilivyopita, wachangiaji waligawanyika kimtazamo na kazi ikaendelezwa katika matawi: upande wa mchoro ulizaa Lepton EDA, na upande wa bodi ulizaa pcb-rnd. Matawi hayo yana watu wenye bidii, lakini gEDA yenyewe ilipoteza nafasi yake ya kuwa chaguo la kwanza la mtumiaji wa Linux.

Funzo la gEDA halihusu ubora wa msimbo. Faili zake zilikuwa wazi tangu mwanzo, na leseni yake haikuwa na dosari. Kilichokosekana ni taasisi yenye haja ya kudumu na programu hiyo, iliyo tayari kulipia saa za kazi za watu wachache mwaka baada ya mwaka. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mradi unaotegemea jioni za watu wenye ajira nyingine hauwezi kushindana na kampuni yenye idara nzima ya wahandisi. Kwa hiyo kigezo cha uwazi kinapaswa kuandamana na kigezo cha utunzaji.

5.0 KiCad: Sifa na Kasoro

KiCad ilianzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras, aliyekuwa mwalimu huko Grenoble, Ufaransa. Kwa miaka mingi ilikuwa kazi ya mtu mmoja na wasaidizi wachache, na yeyote aliyeilinganisha na EAGLE wakati huo angeiona iko nyuma. Badiliko kubwa lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 2010, pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichopo karibu na Geneva, kilipoanza kuichangia.

Sababu ya CERN kufanya hivyo inagusa kiini cha makala hii. Mwaka 2009 wahandisi wake walifungua hazina ya kuchapisha michoro ya vifaa vyao ili watafiti wa kwingine waitumie, na mwaka 2011 kituo kikatoa leseni yake ya vifaa huria. Tatizo likabaki kwenye programu. Mchoro uliochapishwa huru, lakini kwa faili ya programu ya kulipia, ulikuwa huru kwa mwenye fedha tu. CERN kikaamua kuijengea uwezo programu huria, na wahandisi wake wakaiandikia KiCad, miongoni mwa mambo mengine, kichora-njia kinachozisukuma kando njia za shaba zilizopo ili kuipisha njia mpya bila kukiuka nafasi zilizowekwa. Kifaa hicho kilikuwemo katika toleo la 4 la mwaka 2015. Mwaka 2019 mradi ulijiunga na Linux Foundation, na baadhi ya watunzaji wake wakuu walianzisha kampuni inayouza huduma za kitaalamu kwa watumiaji. Tangu toleo la 6 la Desemba 2021, matoleo makubwa yamefuata karibu kila mwaka: la 7 Februari 2023, la 8 Februari 2024 na la 9 Februari 2025.

Kwa mujibu wa vigezo viwili vya makala hii, KiCad inafaulu. Faili zake ni maandishi yanayosomeka, muundo wake umechapishwa, na haina kikomo cha bodi ndogo kinachowekwa ili kumshawishi mtumiaji anunue toleo kubwa. Inaruhusu hadi safu 32 za shaba. Inafanya kazi sawasawa katika Linux, Windows na Mac, hivyo mwanafunzi mwenye kompyuta ya Windows nyumbani na maabara yenye Linux wanaweza kubadilishana kazi. Kwa maabara ya Linux, hiyo ndiyo programu inayostahili kuwa chaguo la kwanza.

Hata hivyo, uhakiki usiotaja kasoro ni tangazo. Kasoro ya kwanza ni ya matoleo. Toleo jipya la KiCad husoma faili za toleo la zamani, lakini toleo la zamani halisomi faili zilizohifadhiwa na jipya. Jambo hili huwaumiza zaidi watumiaji wa Linux, kwa kuwa programu inayokuja na mfumo endeshi hubaki nyuma. Debian 12 ilikuja na KiCad 6, na Ubuntu 24.04 ikaja na KiCad 7. Mwanafunzi aliyepakua toleo la 8 nyumbani atafika maabara na kazi isiyofunguka, na atahitimisha kwamba Linux ndiyo mbovu. Tatizo hili lina suluhisho, mathalani kutumia Flatpak au hazina ya ziada ya programu inayotunzwa kwa ajili ya Ubuntu, lakini suluhisho hilo linadai mtu mwenye wajibu huo. Halitokei lenyewe.

Kasoro ya pili ni uzito. Maktaba ya maumbo ya vijenzi ya pande tatu inachukua gigabaiti kadhaa. Kwa chuo chenye intaneti ya kulipia kwa kipimo, kuipakua katika kila mashine ni gharama isiyo ya lazima. Inaweza kuachwa, au kupakuliwa mara moja na kusambazwa ndani ya mtandao wa chuo. Kasoro ya tatu ni maktaba yenyewe. Vijenzi vya kawaida vimo vingi, lakini chipu mpya mara nyingi humlazimu msanifu kuchora alama na unyayo wake mwenyewe, na kosa la nusu milimita katika unyayo huligeuza agizo zima la bodi kuwa takataka. Ustadi wa kuhakiki unyayo dhidi ya waraka wa mtengenezaji unapaswa kufundishwa tangu muhula wa kwanza, lakini mara nyingi huachwa hadi mwanafunzi alipie kosa kwa fedha yake.

6.0 Uigaji, Kivinjari na Mipaka ya Faili za Kiwandani

Kuhusu uigaji, mtumiaji wa Linux hana uhaba. Mzizi wa programu nyingi za uigaji ni SPICE, iliyoandikwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kuwasilishwa mwaka 1973. Kizazi chake huria, ngspice, kimeunganishwa ndani ya KiCad. LTspice, ambayo ni ya bure ingawa si huria, imeandikwa kwa ajili ya Windows, lakini hufanya kazi vizuri ndani ya Linux kwa msaada wa Wine. Pengo halisi ni lile linalozibwa na Proteus, yaani kuiga chipu pamoja na msimbo wake. Chuo ambacho mtaala wake umejengwa juu ya zoezi hilo kinapaswa kulikabili jambo hili waziwazi kabla ya kuhama. Jibu mojawapo ni kutumia bodi halisi za mazoezi, ambazo bei yake imeshuka sana, na kuacha uigaji wa msimbo.

Njia nyingine inayovutia ni programu za ndani ya kivinjari, mfano mkuu ukiwa EasyEDA. Hizi hazijali mfumo endeshi, na maktaba yake imefungamana na ghala la muuzaji wa vijenzi, hivyo msanifu huona papo hapo kama kijenzi kipo na bei yake. Kwa mwanafunzi anayetaka bodi yake ya kwanza ni rahisi kupita kiasi. Lakini urahisi huo unahamisha mchoro kwenda kwenye seva ya kampuni, unadai intaneti, na unamwelekeza msanifu kwa muuzaji mmoja. Kwa bodi ya zoezi hasara ni ndogo. Kwa kidhibiti cha pampu ya umma, ni hasara ambayo haina budi kupimwa.

Hapa inafaa kuondoa dhana moja potofu, kwamba kuhifadhi faili za Gerber kunatosha. Gerber ni muundo unaopokelewa na viwanda vya bodi duniani kote, na maelezo yake yamechapishwa hadharani na kampuni ya Ucamco ya Ubelgiji. Anayezihifadhi anaweza kuagiza bodi ileile tena na tena. Lakini Gerber ni picha ya safu za bodi tu. Haielezi thamani ya kila kijenzi, wala haihifadhi nia ya msanifu. Kijenzi kikikoma kuzalishwa, mwenye Gerber peke yake analazimika kuuchora upya mchoro kwa kubahatisha.

7.0 Suala la Lugha

Uchaguzi wa programu ni uchaguzi wa lugha pia, na kongamano la Kiswahili haliwezi kulipita jambo hili. Programu ya kibiashara huongea lugha ambazo soko lake linazilipia. Programu huria huongea lugha ambazo wasemaji wake wamezitafsiria. Maneno ya KiCad yametengwa na msimbo wake, na tafsiri hufanywa kwa njia ya Weblate, ambapo mtu asiyejua kuandika programu anaweza kuchangia.

Kanda hii ina uzoefu wa kazi ya namna hiyo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na kuonyesha kwamba ujanibishaji unawezekana bila kusubiri kampuni. Kwa upande wa istilahi, iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Msingi huo ni wa fizikia ya darasani, na haukukusudiwa kuifikia karakana ya bodi. Fundi husema rezista, kapasita, laini na soda. Mwanaisimu anayeanzia kwenye neno ukinzani huelekea kwenye kikinzani. Unyayo wa kijenzi, safu ya shaba, kichora-njia na orodha ya miunganiko ni dhana zinazohitaji majina yaliyokubaliwa na fundi na mwanaisimu pamoja. Tafsiri ya programu inayotumika kila siku ni mahali pazuri pa kuyajaribu majina hayo, kwa sababu neno lisilofaa hukataliwa na mtumiaji mara moja, ilhali katika kamusi linaweza kukaa miaka bila kuguswa.

8.0 Mapendekezo

Kwanza, kila taasisi ya umma inayolipia usanifu wa saketi idai katika mkataba kwamba mchoro wa saketi na wa bodi ukabidhiwe kwa muundo uliochapishwa hadharani, unaoweza kufunguliwa bila leseni ya kulipia. Sharti hili halimkatazi msanifu kutumia programu aipendayo. Linamtaka akabidhi kazi inayofunguka.

Pili, makabidhiano yahusishe kifurushi kizima: mchoro, bodi, maktaba za vijenzi vilivyotumika, faili za Gerber, orodha ya vijenzi, nakala ya PDF ya mchoro, na jina la toleo la programu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, chuo kinachochagua KiCad kitangaze toleo moja kwa mwaka mzima wa masomo, kiliweke katika mashine zote, na kiwape wanafunzi toleo hilohilo kutoka kwenye seva ya ndani. Mabadiliko ya toleo yafanywe wakati wa likizo, baada ya kazi za zamani kujaribiwa.

Nne, pale mahitaji ya kiufundi yanapodai programu ya kulipia, mathalani bodi za mawimbi ya kasi kubwa au mteja anayedai faili za Altium, taasisi inunue leseni na mashine za Windows bila kusita, ila iandike sababu. Msimamo wa makala hii haupingi malipo. Unapinga malipo yanayofanywa bila kujua kinachonunuliwa ni kitu au ni ruhusa ya muda.

Tano, na hili ndilo zito zaidi, sehemu ya fedha iliyookolewa kwenye leseni itengwe kwa ajili ya utunzaji. Si lazima iwe kubwa. Saa chache za mkufunzi kwa wiki, zikitambuliwa rasmi katika mzigo wake wa kazi, zinatosha kuchangia alama na nyayo za vijenzi vinavyopatikana katika masoko yetu, kuripoti hitilafu zinazojitokeza kwenye kompyuta za zamani, na kuratibu tafsiri. Vyuo vya nchi tano au sita vikigawana kazi hiyo, hakuna kitakacholemewa.

9.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba swali la programu ipi ya saketi inafaa Linux linajibika kwa urahisi leo: kwa mahitaji ya vyuo na karakana ndogo, ni KiCad. Lakini jibu hilo lingekuwa tofauti mwaka 2005, na linaweza kuwa tofauti mwaka 2040. Kinachopaswa kudumu ni vigezo: je, faili zinafunguka bila ruhusa, na je, wapo watu wanaolipwa au kutambuliwa kwa kuitunza programu?

Washauri wa sera hupenda kuitaja programu huria kama njia ya kupunguza gharama, na hapo ndipo hoja yao inapopinda. CERN hakikuchangia KiCad kwa sababu kilikosa fedha za leseni. Kilichangia kwa sababu kilitaka michoro yake ifunguke mikononi mwa wengine. Nchi za kanda hii zina haja hiyohiyo, kwa kuwa pampu, mita na vidhibiti vinavyosanifiwa na vijana wake vitahitaji kurekebishwa na vijana wengine ambao leo bado wako shule ya msingi. Zikiendelea kuitumia KiCad bila kuichangia, hazitakuwa na sauti siku watunzaji wake watakapoamua kuelekea kwingine, na zitarudi mahali walipokuwa watumiaji wa EAGLE mwezi Juni 2023, tofauti ikiwa tu kwamba safari hii zilikuwa na nafasi ya kuzuia.